Mota Iliyokatiwa Umeme Ikakataa Kusimama

Ingleburn ni kitongoji chenye viwanda vingi, kusini magharibi mwa Sydney. Umeme wake wa fezi tatu ni volti 400 na hezi 50, ndugu wa ule wa Chang'ombe, Dar es Salaam. Kwa hiyo chekeche la mtetemo likifanya vituko huko, litavifanya na huku.

Chekeche la namna hii, la kuchambulia kokoto au nafaka, hutikiswa na mota mbili zilizofungwa kwenye bodi lake. Kila moja ina kipande kizito kilichoelemea upande mmoja wa shafti. Moja huzunguka kulia, nyingine kushoto, na hakuna gia wala mkanda kati yao. Hata hivyo, baada ya muda mfupi huwa zimeshashikana mwendo, kama wapiga ngoma waliozoeana.

Sasa ikatie umeme mota moja. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika Muungano wa Kisovieti, waya wa mota moja ulikatika na mashine ikaendelea na kazi kwa muda mrefu, mota zote mbili zikizunguka. Nzima ilikuwa inamlisha mwenzake kwa mtetemo, kupitia bodi lenyewe. Ilya Blekhman wa Leningrad alilipatia jambo hili hesabu zake kuanzia 1953. Christiaan Huygens alikuwa ameuona mzizi wake mwaka 1665, akiwa mgonjwa kitandani: saa zake mbili za pendulamu, zilizoning'inia pamoja, ukizivuruga zilirudi kwenda sawa ndani ya nusu saa.

Mimi jambo hili hunichekesha, fundi halimchekeshi. Mota nzima inabeba kazi ya mbili, ampea zinapanda, koili zinachemka. Na ile isiyo na umeme ikigoma kuzunguka, ni balaa zaidi: gololi za beringi zinagonga palepale kutwa nzima mpaka zinachimba vishimo. Siku ukiirudishia umeme, inaguruma. Chekeche nalo, mota moja ikiwa imesimama, linayumba ovyo, kokoto zinarukaruka bila kusonga mbele.

Ndiyo maana kinga za mota hizi hufungwa kwa namna ambayo moja ikikata, mota zote mbili zinazimika. Ukienda kufungua kifuniko, zima swichi kuu, tia kufuli, pima volti kwenye mota zote mbili, si ile mbovu tu. Kisha usiweke kidole karibu na kile kipande kizito: ukizungusha shafti kwa mkono hadi kikafika juu, kinaanguka chenyewe.