Atomu Katika Mwanga Unaoyumba
Mkulima wa Msalato, Dodoma, ajua kwamba si jumla ya mvua ya mwaka ichimbayo makorongo, bali ni mmwago wa ghafla. Ndivyo zilivyo atomu chini ya leza kali. Mwaka 1975, wataalamu wa Saclay, Ufaransa, waliimulika gesi ya zenoni. Ili elektroni moja ing'oke, atomu hupaswa kumeza fotoni 11, yaani chembe za mwanga, kwa pamoja; hivyo ukali wa mwanga ukizidi mara 2, ung'okaji huzidi mara 2,048. Mwanga uliopandashuka ovyo uling'oa elektroni mamilioni ya mara kuliko mwanga mtulivu wenye wastani ule ule. Basi, ndugu msomaji, apangaye matuta au leza kwa wastani pekee atakosea.