Meno hayangoji balehe

Kalemie ina watoto wengi wasio na cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, lakini mapigano ya Watwa na Waluba ya mwaka 2016 na 2017 yalitawanya familia nyingi za Tanganyika, na karatasi zikapotea njiani pamoja na vyungu. Basi umri hukisiwa kwa macho: msichana ameota matiti, huyo mkubwa. Kipimo kibaya. Anayetaka kukisia vizuri zaidi amwambie mtoto afungue kinywa.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1837 daktari wa meno Mwingereza, Edwin Saunders, alichunguza watoto zaidi ya 1,000 akaonyesha kuwa meno yanafichua umri vizuri kuliko kimo, wakati ambapo viwanda vya kwao vilikuwa vikiajiri watoto waliokatazwa na sheria. Kwetu swali hilo lilifika hadi mahakama ya kimataifa ya The Hague. Katika kesi ya Thomas Lubanga wa Ituri, aliyeshtakiwa kuingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, wataalamu walisoma picha za eksirei za viganja na meno ya mashahidi. Hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 ilimtia hatiani, ila majaji hawakuziegemea sana picha hizo, kwani vipimo vya mifupa vilitungwa zamani kwa watoto wasio wa Afrika. Walikuwa na haki ya kusita. Mfupa hautii miaka peke yake. Unatii pia balehe.

Balehe huanzia kichwani. Ubongo huamsha tezi ya pituitari, nayo huamsha ovari au korodani, kisha homoni za estrojeni na testosteroni huingia kwenye damu na mwili huanza kukimbia. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Ikitangulia hapo, ni balehe ya mapema. Mtoto huwapita wenzake kwa urefu na wazazi hufurahi, kumbe estrojeni hiyohiyo, hata kwa mvulana, ndiyo inayofunga gegedu za ukuaji kwenye ncha za mifupa. Aliyekuwa mrefu kuliko wote katika mwaka wa tatu wa shule ya msingi anaweza kuishia mfupi ukubwani.

Taya la chini nalo ni mfupa. Weka kidole mbele ya sikio, utafune: pale panapocheza kuna gegedu ambayo wakati wa balehe hukua kwa kasi, karibu sambamba na kimo. Meno yana ratiba yake. Gego la kwanza la kudumu huanza kupata madini karibu na siku ya kuzaliwa, huchomoza nyuma ya meno ya utoto kwenye miaka 6 hivi, na la pili hufuata kwenye miaka 12. Kwa watoto wengi wa Afrika hutangulia miezi kadhaa. Njaa huyachelewesha kidogo, unene huyaharakisha kidogo. Balehe ya mapema huyasukuma pia, lakini si kwa kiasi inavyousukuma mfupa. Ndiyo maana msichana wa miaka 8 anaweza kuwa na mifupa ya mtu wa miaka 11 huku meno ya utoto bado yanamtikisika.

Hapo ndipo daktari wa kupanga meno hujikuta amechelewa. Kifaa cha kusogeza mbele taya lililorudi nyuma hufanya kazi vizuri taya linapokuwa mbioni kukua, na kaakaa lililo jembamba hupanuliwa kwa urahisi kabla mshono wake wa katikati haujakaza. Akingoja meno yote ya kudumu yatoke, kama ilivyo desturi, nafasi imeshapita.

Waya za meno si za kila mfuko, hilo linajulikana. Fizi ni za wote. Homoni za balehe huzijaza damu, na bakteria kama *Prevotella intermedia* huzitumia homoni hizo kujilisha. Utando wa meno ambao mwaka jana haukumsumbua mtoto sasa unavimbisha fizi. Anaona damu kwenye mswaki, anaacha kupiga mswaki, na hapo ndipo anapoharibu. Apige vilevile, taratibu, asubuhi na usiku, kwa dawa yenye floraidi. Ndakala, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, humpa kalsiamu. Soda ya kila siku humla meno.

Matiti kabla ya miaka 8, au korodani kukua kabla ya miaka 9, ni habari ya hospitali. Kwa wasichana mara nyingi hakionekani chanzo chochote. Kwa wavulana zaidi hupatikana tatizo kichwani, kama uvimbe, hivyo wao wasicheleweshwe. Zipo sindano, za kila mwezi au kila miezi mitatu, zinazosimamisha balehe hadi wakati wake. Gegedu iliyokwisha kufunga haziifungui.