UZI: "Tutakuza vipaji vya wasichana" ni ahadi ya nini hasa hapa Isiolo?

1/ Siasa zikishapamba moto, kuna sentensi utaisikia kwenye kila jukwaa kuanzia Bulla Pesa mpaka Merti: "Tutakuza vipaji vya wasichana wetu katika soka." Watu wanapiga makofi, jezi zinagawanywa, imeisha hiyo. Leo tuifungue hiyo sentensi tuone ndani kuna nini. Kama kawaida yangu sitaji mwanasiasa wala chama. Ukimwona mtu wako humu, ni wewe umemwona.

2/ Kwanza tukubaliane kwamba vipaji vipo na inawezekana. Oktoba 2024 Junior Starlets, wakiwa na kocha Mildred Cheche, walicheza Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika. Kabla yao hakuna timu yoyote ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefuzu Kombe la Dunia la FIFA. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, halafu wakaichapa Mexico 2-1. Na sasa mashindano hayo yanachezwa kila mwaka, Morocco ikiwa mwenyeji kuanzia 2025 hadi 2029. Kwa hivyo mlango uko wazi.

3/ Sasa piga hesabu. Kucheza pale ilibidi uwe umezaliwa Januari 1, 2007 au baadaye. Msichana aliyezaliwa mwaka huo akaanza mazoezi ya maana akiwa na miaka 10, alianza 2017. Hapo katikati nchi imepiga kura 2017 na 2022. Yaani kumkuza mchezaji mmoja kunachukua muda mrefu kuliko muhula mmoja wa kiongozi yeyote. Anayepanda leo huenda asiwepo siku ya kuvuna.

Lakini kombe la siku mbili lenye jina lako? Hilo unalivuna jioni hiyohiyo, na picha juu.

4/ Tatizo la kombe la siku mbili si kwamba ni baya. Ni kwamba halikuzi mtu. Msichana wa Kinna anacheza mechi mbili, anapewa jezi, anarudi nyumbani, mechi yake inayofuata ni mwaka ujao. Kipaji kinataka mechi kila wiki na kocha yuleyule kwa miaka.

Hata shuleni hali ni hiyo. Soka ya shule za sekondari huchezwa muhula wa pili. Ukitolewa ngazi ya kaunti ndogo, msimu wako mzima umekuwa mechi tatu, nne hivi. Ukipita unaenda ngazi ya kaunti, kisha kanda ya Mashariki, ambako unakutana na shule za Machakos, Kitui na Meru. Halafu tunashangaa mbona tunafungwa.

5/ "Hiyo si kazi yetu, ni ya serikali ile nyingine." Hii utaisikia sana kwenye mijadala, na ujanja wake ni kwamba ina ukweli nusu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti michezo na viwanja vya michezo. Shule za msingi na sekondari ziko kwa serikali ya kitaifa, na kukuza michezo kwa jumla pia iko huko. Sheria ya Michezo ya 2013 ikaongeza Kenya Academy of Sports, ambayo kazi yake ni kutambua na kulea vipaji.

Kwa hivyo msichana yuleyule akiwa darasani ni wa Nairobi, akitoka nje ya geti kwenda uwanjani ni wa kaunti. Akimaliza Kidato cha Nne, ni wa mama yake.

6/ Sasa kwa nini kila mtu anaahidi uwanja na hakuna anayeahidi makocha? Wengi wanadhani ni ulafi wa tenda tu. Sikatai, lakini kuna sababu iko ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni zake zinataka mishahara na marupurupu ya wafanyakazi visizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Uwanja unahesabiwa kama maendeleo. Kocha ukimwajiri, anahesabiwa kama mshahara. Posho yake, mafuta ya basi, refa, chakula cha safari, yote hayo ni matumizi ya kawaida, na hayo ndiyo hukatwa kwanza pesa zikichelewa kutoka Nairobi.

Ndiyo maana unaweza kupata ukuta na lango zuri, na ndani hakuna ligi ya wasichana.

7/ Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo mjadala hupotoshwa. Utasikia "wazazi wa huku hawataki mabinti wacheze mpira, ni mila, ni dini." Polepole.

Suala la mavazi lilishamalizwa: sheria za soka duniani ziliruhusu rasmi kufunika kichwa uwanjani mwaka 2014, na 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la wanawake akiwa na hijabu. Suruali ya kubana ndani na mikono mirefu hazijawahi kumzuia mtu kufunga bao.

Kaa na wazazi uwasikilize, maswali yao mengi ni haya: kocha ni nani? Ni mwanamume peke yake na wasichana 20? Wanasafiri na gari gani? Watarudi saa ngapi? Hayo ni maswali ya usalama, na yana majibu, lakini majibu yake yanagharimu pesa. Kocha wa kike. Gari linalojulikana. Mazoezi yanayoisha kabla ya magharibi. Sodo, choo na maji uwanjani. Anayesema "ni mila" bila kuweka hata moja kati ya hayo kwenye bajeti anawasingizia wazazi.

8/ Simaanishi mila haina neno. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18, lakini tunajua yanayoendelea. Ukame ule wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, uliua mifugo, na mifugo ikifa binti wa miaka 14 anaanza kuonekana kama mahari. Miaka 14 ndiyo ile ambayo mchezaji anaanza kuiva. Tunawapoteza hapo hapo.

9/ Kuna waliojaribu, na si mbali. Jirani zetu Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI, lililotumia mpira kukutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, kisha likaleta wasichana uwanjani na kuzungumzia ukeketaji na ndoa za mapema palepale. Kilifi, Moving the Goalposts wako na wasichana tangu 2001. Angalia wanachofanana: wanakaa. Hawaji na kuondoka.

Na kwa wanaosema kaunti haiwezi: Vihiga Queens, timu inayofadhiliwa na serikali ya kaunti yake, ilicheza Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake ilipoanza 2021, kule Cairo. Ila timu ya kaunti ina hatari yake. Mfuko ukiwa mmoja, ukikauka timu nzima inakaa njaa. Binafsi ningeanza na ligi ya wasichana ya wadi zote 10, chini ya miaka 15, kabla ya kuota timu moja kubwa mjini.

10/ "Wakipata kipaji wanachukuliwa na shule za magharibi." Kweli, shule kama Wiyeta na Butere zina jina katika soka ya wasichana. Mwacheni aende, ni maisha yake. La kuuliza ni hili: Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, mojawapo ya njia tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni shule ngapi za wasichana Isiolo zinaifundisha, na zina uwanja na mwalimu?

11/ Mwisho, tarehe za kuweka kwenye simu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Kabla ya hapo kunafaa kuwa na vikao vya wananchi. Nenda na mama yako. Ombeni kuona ukurasa wa idara ya michezo, na mumuulize MCA wenu kitu kimoja tu: kifungu cha makocha wa wasichana kina shilingi ngapi, na ni za wiki ngapi za mwaka?