Jinsi joto kali linavyowaua wakongwe na maskini kimyakimya

MAFURIKO yanapobomoa nyumba au ukame unapoangamiza mifugo, picha huenea kote na viongozi hukimbilia kutoa misaada. Joto kali nalo huua watu wengi bila kubomoa hata ukuta mmoja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kati ya mwaka wa 2000 na 2019, takriban watu 489,000 walifariki kila mwaka kutokana na joto. Wengi wa waathiriwa wa aina hii huandikwa kuwa waliuawa na maradhi ya moyo, mapafu au figo, na joto lililowamaliza halitajwi popote.

Mwili wa binadamu hufanya kazi vyema ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Jua likichoma, moyo husukuma damu kwa kasi kuelekea kwenye ngozi, na mtu hutokwa na jasho ambalo hupoza mwili linapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Pwani, jasho hilo hukauka kwa shida.

Joto la mwili likifika nyuzi 40 au zaidi, mtu huweza kuchanganyikiwa na kuzirai. Asipopozwa upesi, hufa.

Wakongwe wamo hatarini zaidi kwa kuwa mioyo yao imechoka na hawahisi kiu mapema. Vivyo hivyo watoto wachanga, akina mama wajawazito na wanaougua maradhi ya moyo au kisukari.

Hata hivyo, udhaifu wa mwili pekee hauelezi ni nani hufa na ni nani hupona. Jambo hilo lilidhihirika katika jiji la Chicago, Marekani, mnamo Julai 1995, wakati joto lilipopanda hadi nyuzi 41.

Katika muda wa juma moja hivi, watu 739 zaidi ya idadi ya kawaida walifariki. Chumba cha kuhifadhia maiti kilijaa pomoni, ikabidi malori yenye majokofu yaletwe kuhifadhi miili.

Wengi wa waliokufa walikuwa wazee maskini waliokuwa wakiishi peke yao. Baadhi yao walikutwa katika vyumba ambavyo milango na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa kuhofia wahalifu. Miili kadhaa haikudaiwa na jamaa yeyote.

Mtaalamu wa masuala ya jamii, Eric Klinenberg, ambaye alichapisha kitabu kuhusu mkasa huo mwaka wa 2002, alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na wazee wengi maskini walioishi peke yao, lakini kiwango cha vifo katika North Lawndale kilikuwa takriban mara kumi ya kile cha jirani yake.

North Lawndale, mtaa wa Wamarekani Weusi, ulikuwa umehamwa na viwanda na maduka, viwanja vimebaki mahame, na wazee waliogopa kutoka nje. South Lawndale, walikoishi watu wengi wenye asili ya Mexico, ulikuwa na barabara zenye shughuli tele. Mzee aliweza kutoka, kuingia dukani kwenye hewa baridi na kukutana na watu wanaomfahamu. Asipoonekana, kulikuwa na wa kumuulizia.

Joto lilipowazidi tena watu wa Chicago mwaka wa 1999, wasimamizi wa jiji walifungua vituo vya kupumzikia na kuwatuma maafisa kubisha milango ya wazee wanaoishi peke yao. Vifo vilikuwa vichache zaidi.

Lakini si lazima nchi iwe tajiri ndipo iokoe watu wake. Jiji la Ahmedabad nchini India lilipata vifo 1,344 zaidi ya kawaida mnamo Mei 2010, joto lilipokaribia nyuzi 47. Mwaka wa 2013 jiji hilo lilianzisha mpango wa kukabiliana na joto. Wakazi huonywa mapema, wahudumu wa afya hufunzwa kutambua dalili, na maji ya kunywa hutolewa mitaani. Baadaye mapaa ya nyumba za maskini yalianza kupakwa rangi nyeupe ili kurudisha miale ya jua.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulikadiria kuwa mpango huo ulizuia zaidi ya vifo 1,000 kwa mwaka.

Karibu na kwetu, Sudan Kusini ililazimika kufunga shule mnamo Machi 2024 na tena Februari 2025, wakati wanafunzi walipokuwa wakizirai jijini Juba. Madarasa mengi huko ni ya mabati na hayana umeme wa kuendesha hata feni.

Mabati hayo hayo ndiyo yanayoezeka nyumba za mamilioni ya Wakenya. Utafiti uliofanywa katika mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru jijini Nairobi ulionyesha kuwa joto huko huzidi kwa nyuzi kadhaa lile linalopimwa katika kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Kwa hivyo, takwimu inayotangazwa redioni si joto analolala nalo mtoto wa Mathare.

Isitoshe, kibarua wa mjengo, mchuuzi na msukuma mkokoteni hulipwa kwa kazi ya siku. Akikaa kivulini saa saba mchana, jioni watoto watalala njaa. Akiendelea na kazi, huenda akaanguka. Kumshauri apumzike bila kumwezesha kupumzika ni sawa na kumwambia mwenye njaa ale.

Ndiposa hatua zinazohitajika si za hospitali pekee. Waajiri wanaweza kuanza kazi alfajiri na kusitisha adhuhuri. Kaunti zinaweza kupanda miti, kuhakikisha mifereji ya mitaa ya mabanda ina maji na kufungua kumbi za umma zenye vivuli. Shule zinaweza kuwekewa dari chini ya mabati.

Hatua nyingine haihitaji hata senti. Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Msimu wa joto ukifika, mkongwe anayeishi peke yake abishiwe hodi asubuhi na jioni, apewe maji na kusogezwa penye hewa. Akianza kuzungumza ovyo au kulegea, amwagiwe maji, apepewe na kukimbizwa hospitalini bila kungoja jua litue.