Funzo la Tabora kwa Wateuzi wa Wagombea

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, vyama hupiga kura za maoni kuwapata watakaopeperusha bendera zao. Hapo wajumbe wa Unguja na Pemba, sawa na ndugu zao wa Bara, hukabiliwa na swali zito. Je, wamteue mwenye msimamo safi ambaye huenda asishinde, au mwenye uwezo wa kushinda ambaye msimamo wake unatiliwa shaka?

Swali hili liliwahi kujadiliwa kwa uchungu mjini Tabora. Januari 1958, TANU ilifanya huko mkutano wake mkuu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura sharti achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au wadhifa. Hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi, na wajumbe wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Julius Nyerere aliwasihi washiriki, kwani kususia kungekiachia viti chama cha UTP kilichopendelewa na wakoloni. Hoja yake ilipita. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alijitenga na kuunda chama chake.

Matokeo yake yanajulikana. UTP iliangushwa katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Mwaka 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Hata hivyo, wapo wanaolitumia funzo hilo kuhalalisha kila aina ya mapatano. Hao wanakosea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wajumbe wa Tabora walijua wanachokitafuta mvunguni. Waliikubali njia mbaya kwa muda. Lengo lao la uhuru hawakulipunguza hata chembe.

Tabora hiyo hiyo ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watemi, nao ulitozwa hadharani. Leo neno hilo ni jina la rushwa. Busara ya kisiasa nayo huweza kuharibika vivyo hivyo. Tuliona takrima ikiingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 kwa jina la ukarimu, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006.

Kwa hiyo tunawashauri wajumbe wampime kila anayeomba kuteuliwa kwa maswali matatu. Analegeza jambo gani? Analilegeza kwa faida ya nani? Na kulegeza huko kunatusogeza karibu na lengo, au kunatusahaulisha lengo lenyewe? Akishindwa kujibu, umaarufu wake usiwe kisingizio. Na yule mwenye maneno matamu ya haki aonyeshe njia ya kuifikia, kwani wananchi wanaosubiri maji, dawa na madawati hawashibi hotuba.

Watendaji wa Serikali nao wana wajibu wao. Wasimpendelee mtu, na wasifumbie macho bahasha zinazopita usiku. Mjumbe aliyekwisha kununuliwa hana tena la kupima.