Nilimtabiria jirani ashuke daraja, nikanunua magunia matatu ya viazi

Ndugu zangu wa mitaji midogo, leo sileti mbinu tano za kukuza mauzo. Naleta stori ya daftari moja, na hasara niliyoipata humo.

Mimi nauza chipsi Mbagala, mlango wa pili kutoka kibanda umiza. Mechi ikiwa kubwa, karai halipoi mpaka usiku wa manane. Mechi ikiwa ya ovyo, mimi na mafuta yangu tunaangaliana tu. Kwa hiyo mpira kwangu ni riziki, na ni ugonjwa pia, maana timu yangu ya Uingereza ni Everton. Chekeni kwanza, nitasubiri.

Ilianza Julai 2017. Everton walikuja Dar kucheza na Gor Mahia ya Kenya pale Uwanja wa Taifa, na mimi nilikuwa nje nauza maji kwenye ndoo ya barafu. Rooney ndiyo kwanza alikuwa amerudi Everton kutoka Manchester United. Akapiga shuti la mbali likaingia, mimi nikasikia kelele tu. Tuyisenge akasawazisha, Dowell akamaliza kazi, 2-1. Siku ile nilijaza ndoo mara tatu na zote zikaisha. Wengine wanarithi timu kwa baba zao, mimi yangu niliipata kwenye biashara ya maji.

Sasa turudi kwenye daftari.

Tarehe 1 Mei 2023 Everton walitoka sare 2-2 kwa Leicester. Mechi ya roho mkononi. Leicester wako mbele 2-1, wanapata penalti kabla ya mapumziko, Maddison anapiga, Pickford anaizuia. Baada ya hapo msimamo wa chini ukawa hivi: Leicester, Leeds na Nottingham Forest wote pointi 30, Everton 29, Southampton 24 na sisi tulishamzika. Kila timu imebakiza mechi nne. Zinashuka timu tatu, yaani ukimtoa Southampton, wawili kati ya wale wanne wanaenda na maji.

Kibandani kila mtu akawa mhasibu. Mimi nikatoa daftari langu la mauzo, nikafungua ukurasa mweupe, nikaanza na Everton. Kwa Brighton tunafungwa, maana Brighton walikuwa wametoka kuwapiga Wolves 6-0. Manchester City nyumbani tunafungwa, hiyo haina mjadala. Wolves ugenini sare. Bournemouth nyumbani tunashinda. Pointi nne, tunafika 33.

Nikajiona mkweli kabisa. Timu yangu mwenyewe nimeiandikia vipigo viwili! Nikahamia kwa wapinzani. Leicester: Fulham sare, Liverpool kipigo, Newcastle kipigo, West Ham sare, wanaishia 32. Leeds: City kipigo, Newcastle kipigo, West Ham sare, Tottenham kipigo, wanaishia 31. Forest: Southampton sare, Chelsea kipigo, Arsenal kipigo, Crystal Palace sare, wanaishia 32.

Hebu angalia hapo vizuri. Mechi kumi na mbili za wapinzani, nimewapa sare tano na ushindi hata mmoja hakuna. Timu tatu tofauti, na zote zimeishia chini ya 33 kwa pointi moja au mbili. Wallahi sikupanga. Kila mechi niliifikiria peke yake na kila moja ilikuwa na sababu yake nzuri. Lakini kalamu ilishajua jibu kabla sijaanza kujumlisha.

Ujanja wa moyo ndio huo. Ya kwako unayaogopa, kwa hiyo unajibania kidogo, unajiona una busara. Ya mwenzio unayatamani, halafu unayaita makadirio. Na mtu akikuuliza unamwonyesha vile vipigo viwili ulivyojipa kama ushahidi kwamba huna upendeleo.

Tukaona tutafute refa. Kinyozi wetu ni shabiki wa Arsenal, hana ugomvi na timu za chini, tukampa karatasi ajaze. Kiukweli ya kwake ilikuwa nzuri kuliko zetu zote, maana aliwapa Leicester ushindi siku ya mwisho, tukamzomea. Ila alipofika kwenye Forest na Arsenal alicheka, akaandika Arsenal tatu bila. Timu yake ilikuwa inakimbizana na City kwenye ubingwa. Tarehe 20 Mei Forest wakashinda 1-0, bao la Awoniyi. Forest wakapona na City wakawa mabingwa jioni ileile. Kinyozi alifunga saluni mapema siku hiyo, mteja mmoja akabaki na kichwa nusu. (Hili la kichwa nusu nimesimuliwa, mimi nilikuwa kwenye karai.)

Daftari langu lenyewe lilishakufa zamani. Tarehe 8 Mei, Jumatatu moja tu, Fulham waliwafunga Leicester 5-3, Forest wakawafunga Southampton 4-3, na Everton wakaenda kwa Brighton wakashinda 5-1. Doucouré alifunga kabla dakika ya kwanza haijaisha, na mpaka mapumziko ilikuwa tatu bila. Watu walitoka majumbani kuja kuhakikisha kama televisheni ni nzima. Mistari mitatu niliyoandika, yote mitatu haikutokea. Niliuza sana usiku ule, na sikujifunza kitu.

Sasa geuza ukurasa.

Upande wa pili wa barabara kuna jamaa anauza chipsi kama mimi. Mwezi huohuo wa tano nikasikia mwenye fremu kampandishia kodi. Wiki iliyofuata kijana wake wa jikoni akaondoka. Halafu friji lake la soda likafa. Kila habari mbaya yake nikaiandika, palepale nyuma ya mechi za Leeds na Leicester. Nikapiga hesabu: huyu mwezi wa sita hautoki, kafunga. Wateja wake sahani 40 kwa siku, tuseme 30 wanahamia kwangu.

Hiyo 40 niliitoa wapi? Kichwani. Sijawahi kukaa hata jioni moja nikahesabu sahani zake.

Nikakopa laki sita kwenye kikundi chetu cha kukopeshana. Nikanunua karai la pili, mtungi mkubwa wa gesi, na magunia matatu ya viazi kwa mpigo, wakati kawaida yangu ni gunia moja, likikaribia kuisha ndiyo nachukua jingine. Mimi sijawahi kubeti mpira na huwa najisifia hilo mbele za watu. Lakini ule ulikuwa mkeka, bwana. Tena mkeka wa mechi ambayo mimi sichezi.

Basi siku ya mwisho ya ligi, 28 Mei, ilinikuta magunia yako ndani. Everton tulishapigwa 3-0 na City, na kwa Wolves Yerry Mina alitusawazishia dakika ya 99, 1-1. Tuna 33, Leicester 31, Leeds 31. Leicester wanatuzidi tofauti ya mabao, kwa hiyo wao wakishinda na sisi tukitoka sare, tumekwenda. Sisi tukishinda, wengine wafanye watakavyo.

Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa ndiyo kila kitu, lakini kibandani hakuna aliyeishika. Mechi zote zilianza pamoja saa 12:30 jioni. Televisheni moja ina Everton na Bournemouth, ya pili ina Leicester na West Ham, na mashabiki wa Everton, wote wanne, tumeipa mgongo timu yetu tunaangalia ya pili. Kane akawafunga Leeds dakika ya pili, tukashangilia kama tumefunga sisi. Dakika ya 34 Barnes akaifungia Leicester. Kimya. Kwenye simu msimamo ukageuka, sisi tuko eneo la kushuka. Mapumziko nzima tunawaombea West Ham wasawazishe. West Ham hao walikuwa na fainali ya Ulaya siku kumi mbele! Ningekuwa kocha wao hata mimi ningewapumzisha watu. Lakini kwenye daftari niliwaandikia sare na Leicester kana kwamba wao wanaijua shida yangu.

Dakika ya 57 mpira ukamwangukia Doucouré nje ya boksi, akaupiga kama ulivyo. 1-0. Mimi bao lenyewe nililiona kwenye marudio, kwa sababu macho yalikuwa kwenye televisheni ya pili. Dakika chache baadaye Leicester wakapata la pili na safari hii hakuna aliyejali. Refa akaongeza dakika kumi, roho zikatoka zikarudi, mpira ukaisha. Everton 36, Leicester 34, Leeds 31 baada ya kupigwa 4-1 na Tottenham. Leicester, mabingwa wa 2016, walishinda mechi yao ya mwisho 2-1 na wakashuka daraja. Pointi walizozihitaji waliziacha kwenye mechi za nyuma.

Usiku nilipofunga hesabu nikaufungua ule ukurasa, nikalinganisha. Leeds niliwaandikia 31, wamepata 31, nikataka kujipongeza. Kumbe niliwapa sare na West Ham wakafungwa, na kipigo kwa Newcastle wakatoka sare. Nimepatia jumla kwa bahati tu. Forest niliwapa pointi mbili, wamechukua nane. Leicester niliwapa mbili, wamechukua nne. Halafu nikaona kitu kilichonikata maini: kama Everton wangefanya kile nilichowaandikia mimi, wakaishia 33, wangeshuka. Leicester wana 34. Utabiri wangu wa matumaini, niliouandika ili tupone, ndio ungetushusha.

Nikageuza ukurasa nikasoma ya jirani. Nikajipa moyo kwamba biashara siyo mpira.

Jamaa hakufunga. Aliongea na mwenye fremu akakubaliwa kulipa kodi kidogokidogo. Akamleta mdogo wake jikoni, akaanza na mishkaki ambayo hakuwa nayo zamani, na badala ya friji akaweka boksi la barafu. Upande wangu, gunia la kwanza liliisha salama. La pili likaanza kuota. La tatu, kwa joto la chumba changu, viazi vikalainika vikawa vitamu, na kiazi cha hivyo ukikikaanga kinaungua nje kabla hakijaiva ndani. Mteja mmoja wa siku zote akaniangalia, akasema, "Kaka, leo umekaanga mkaa?" Kesho yake nikamwona ng'ambo anakula mishkaki.

Nikatupa zaidi ya nusu gunia. Marejesho ya kikundi yakafika, nikalipa kwa hela ya ada ya mtoto. Kijana wangu alikaa nyumbani wiki mbili. Mama yake mpaka leo akiona gunia la viazi linashushwa ananiuliza, "Hili la kwetu au la yule?" Na ana haki.

Mnaniuliza inbox kama nimeacha kutabiri. Sijaacha, mfanyabiashara asiyekadiria atanunuaje mzigo? Ila ukurasa umebadilika. Kushoto naandika ninachotegemea kuuza wiki hii, kulia Jumapili naandika nilichouza kweli, kwa sahani. Sifuti hata nikikosea vibaya. Baada ya miezi miwili niligundua kwamba kila wiki yenye mechi ya Simba na Yanga najizidishia, na wiki za mwisho wa mwezi najipunja. Kosa likiwa linaelekea upande uleule kila mara, unalipunguza tu kama unavyopunguza chumvi. Mzigo nanunua kwa ile safu ya kulia.

Jirani naye bado nina ukurasa wake, sitadanganya. Lakini kwa kila habari mbaya ninayoisikia, najilazimisha kuandika pembeni ni nini kitakachomponya. Ningeandika hivyo mwezi ule wa tano, mishkaki ningeiwaza kabla yake. Na senti yangu haitoki kwa ajili ya kufunga kwake mpaka nione kufuli mlangoni.

Kuna mambo hata hilo daftari jipya haliyakamati. Novemba 2023 Everton walikatwa pointi kumi kwa kuvunja kanuni za fedha za ligi. Kwenye rufaa zikapunguzwa zikawa sita, kisha Aprili wakakatwa mbili nyingine. Pointi nane zimekwenda na hakuna mchezaji aliyegusa mpira. Wakamaliza na 40 na wakapona. Kibandani nani alikuwa ameandika hilo? Hata kinyozi hakuliona.

Karai la pili lilikaa chini ya meza miezi minne, limejaa vumbi. Mwishowe jamaa wa ng'ambo akasikia ninaliuza, akaja mwenyewe, akalipapasa chini kama ananunua mbuzi, akaniomba nimpunguzie, nikampunguzia. Alilipa taslimu. Jioni hii yuko nalo pale, naandika huku nasikia mafuta yanavyolia.