Supu ya pweza haijazi kifua

Naomba swali hili tulizike: "Dokta, kwa siku ninywe vikombe vingapi vya supu ya pweza ili kifua kijae?" Naulizwa Dunda, naulizwa Magomeni, nikishuka Bunju naulizwa tena, na wanaouliza ni vijana waliosoma. Wanachobishania ni idadi tu: huyu kasikia viwili, yule kasikia vinne. Hakuna idadi. Hata umalize sufuria.

Itazame meza ya muuzaji jioni. Pweza kaiva, kakatwa vipande vidogo, kila kipande kinachomwa kijiti na kulipiwa peke yake. Supu inachotwa pembeni, inatiwa ndimu na pilipili. Kijana mwenye hela kidogo anachukua kikombe na kipande kimoja, akiamini nguvu yote ya pweza imehamia kwenye maji. Haijahama. Gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini gramu 30 hivi, na hiyo ni ya nyama, ile aliyoiacha mezani. Kikombeni mna maji, chumvi, viungo na protini kidogo iliyoyeyuka, nyingi yake kolajeni. Kolajeni haifai kitu kwa kazi hii, maana imepungukiwa asidi za amino zile zile ambazo misuli huzihitaji ili ikue.

Mbona nikinywa nasikia nguvu? Unasikia kweli. Umetoka kunyanyua makopo yaliyojazwa zege, jasho limekutoka, mwili umepoteza maji na chumvi; supu ya moto inavirudisha vyote viwili na pilipili inakuchangamsha. Ni nafuu ya saa moja. Msuli hujengwa kwa siku na wiki, na haujengwi kwa chumvi. Dai la nguvu za kiume, ambalo ndilo linalouza vikombe vingi zaidi, nalo halina ushahidi wa kitabibu.

Mbona wavuvi wana miili? Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu jibu liko mbele ya macho. Nenda ufukweni Bagamoyo mashua zinapoingia. Watu wanavuta kamba za nanga, wanasukuma vyombo mchangani, wanapita majini na matenga ya samaki begani, leo, kesho, mwaka mzima. Kisha wanakula samaki wenyewe, siyo maji waliyochemshiwa. Mzigo pamoja na chakula vimewajenga, halafu sifa yote anapewa pweza.

Sasa ya kufanya. Anayefanya mazoezi ya uzito anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Uchambuzi wa tafiti 49 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kupita hapo faida huwa ndogo. Mwenye kilo 65 anahitaji gramu 100 na kitu. Kipande kizuri cha samaki kina 30 hadi 35, mayai matatu 18, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, glasi ya maziwa 8, konzi ya dagaa wakavu 15 au zaidi. Ugali na wali vinajazia. Gawanya katika milo mitatu. Mayai yapike: mwili hufyonza takriban nusu tu ya protini ya yai bichi, na la kupikwa hufyonza asilimia 90. Poda za kopo nyingi ni protini ya maziwa. Ukiwa na samaki huzihitaji. Vidonge vya kunenepesha usiviguse, maana vingine vina deksamethasoni, dawa inayovimbisha uso huku ikila misuli. Kama umeshavitumia kwa muda, usiviache ghafla, nenda hospitali. Kila kundi la misuli lifanyishe kazi mara mbili kwa wiki, miguu ikiwemo, hadi marudio mawili matatu ya mwisho yawe magumu kweli. Yakiwa rahisi, ongeza mzigo. Lala usiku wa kutosha. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuonana na daktari wake.

Na akina mama wanaodhani haya ni ya mabaunsa: misuli huanza kupungua mapema, na baada ya miaka 50 kasi huongezeka. Kinachosaidia ni kunyanyua ndoo ya maji, kuchuchumaa na kusimama, na dagaa kwenye sahani yako mwenyewe, siyo ya watoto peke yao.